Mama Swali wa Dawati la Marejeo Anastaafu

Tarehe 30 Septemba mwaka huu, mwenzetu wa dawati la marejeo atazima kompyuta yake kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia maktaba ya chuo chetu kwa miaka thelathini na minne. Barua ya utumishi inamtaja kwa majina yake matatu na cheo kirefu, Mkutubi Mwandamizi wa Huduma za Marejeo na Utafiti. Sisi tuliofanya naye kazi, pamoja na wanafunzi wote waliopita mikononi mwake, tunamjua kwa jina moja tu: Mama Swali. Hata mkuu wa maktaba, akijisahau katikati ya kikao rasmi, humwita hivyo hivyo.

Mhariri wa jarida hili ameniomba mimi niandike wasifu huu kwa sababu karakana yangu ya kujalidi vitabu iko ukuta kwa ukuta na dawati lake, na kwa sababu, eti, nina maneno mengi. Nimekubali yote mawili. Ila niseme mapema kwamba sikukaa kitako kumpamba mtu. Mama Swali hapendi kupambwa, na akikuta sentensi isiyo na ushahidi huizungushia duara kwa penseli, hata kama sentensi yenyewe inamsifu yeye.

Aliajiriwa kama karani wa rafu. Kazi yake ilikuwa kusukuma toroli lenye gurudumu bovu na kurudisha vitabu mahali pake. Siku hizo wasomaji walilalamikia kelele za lile gurudumu, yeye akalalamika kwamba wasomaji hawasomi, wanalala. Alisomea ukutubi jioni jioni, cheti kwanza, kisha stashahada, kisha shahada ya kwanza, huku ameolewa na analea watoto wawili. Shemeji yetu, fundi wa majokofu, anasema miaka ile alijua kupika kuliko kutengeneza jokofu. Hatuna ushahidi wa hilo, kwa hiyo tayari naliona duara la penseli.

Alipohamishiwa dawati la marejeo ndipo alipopata jina lake. Mwanafunzi alikuwa akija na kusema anataka vitabu vya maji. Mama Swali humkaribisha kiti na kumuuliza swali lake ni nini. Mwanafunzi hurudia: maji. Naye humweleza kwa upole kwamba maji si swali, maji ni maji. Basi hapo huanza kuvutana, maji gani, ya wapi, yana shida gani, shida hiyo inamuumiza nani, mpaka yule kijana ajikute amesema kwamba anachotaka hasa kujua ni kwa nini visima vilivyochimbwa kwa michango ya watu huharibika na kuachwa. Hapo ndipo Mama Swali alipokuwa akiinuka kitini. Swali huandikwa kwenye kipande cha karatasi, na mwanafunzi huagizwa akiweke mbele yake kila anaposoma, ili kitabu kikianza kumpeleka kusikomhusu ajue njia ya kurudi.

Mwanzoni watu walimwona mchoyo. Mmoja alipanda ghorofani kwa mkuu wa maktaba kushtaki kwamba kuna mkutubi anawanyima watu vitabu. Mkuu alishuka kuchunguza. Alikaa kwenye kile kiti, akaulizwa naye amekuja na swali gani, na aliporudi juu alikuwa amebeba vitabu viwili na kusahau kabisa mashtaka.

Kuhusu kusoma, somo lake lilikuwa la kushtua. Aliwaambia wanafunzi kwamba kitabu si dozi ya dawa, hulazimiki kukimaliza. Kwa anayeandika makala ya utafiti, chanzo husomwa kwanza kutoka nje: jina, ikisiri, vichwa vya sura, hitimisho. Halafu nenda kwenye faharasa nyuma ya kitabu ulitafute neno lako. Halimo? Shukuru, rudisha, chukua kingine. Kama limo, nenda moja kwa moja kwenye ukurasa huo usome taratibu, kwa sababu sasa unajua unatafuta nini. Wapo walioona kurudisha kitabu bila kukimaliza ni kama kuondoka msibani kabla ya mazishi. Aliwaachia aibu yao kwa wiki moja, na wiki iliyofuata walikuwa wanarudisha vitabu bila hata kuangalia nyuma.

Kalamu za rangi zilikuwa adui yake. Mwanafunzi mmoja wa kilimo alimletea fotokopi aliyokuwa ameipaka manjano kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, akiamini hiyo ni bidii. Mama Swali alimwomba tu amwonyeshe sehemu ambayo haikuwa muhimu. Kijana alifunua, akafunua, mwisho akaonyesha namba za kurasa, maana hizo tu ndizo hazikupakwa. Mama Swali alishika kichwa. Namba za kurasa ndizo pekee ambazo yeye angezipaka.

Na kuhusu fotokopi zenyewe alikuwa na maneno yake. Alisema watu wakishika karatasi ikiwa bado ya moto kutoka kwenye mashine hudhani wamekwisha kuisoma.

Badala yake aliwapa kadi. Mimi nazijua kadi hizo vizuri kwa sababu zilitoka kwangu. Nikikata majalada hubaki vipande vya karatasi ngumu, na kila asubuhi alipitia karakana yangu kuvizoa kama mtu anayeokota kuni. Kadi moja, wazo moja. Juu kabisa, kabla ya neno lolote, jina la mwandishi, mwaka na ukurasa. Anayejiambia ataandika ukurasa baadaye, alisema, siku ya kukusanya kazi atakuja hapa kulia na mimi sina leso. Chini yake unachora mstari wa wima katikati. Kushoto unaandika "Yeye kasema", kulia unaandika "Mimi nasema".

Halafu linakuja sharti lililowatoa watu jasho: kabla ya kuandika upande wa kushoto, funga kitabu. Kifunge, kisukume mbali, ndipo uandike ulichoelewa kwa maneno yako. Kama huwezi, basi hujaelewa, fungua usome tena. Na kama maneno ya mwandishi ni mazuri mno hutaki yapotee, yanakili yalivyo, lakini papo hapo yawekee alama za usemi kubwa kama pembe za ng'ombe. Alijua hatari yake. Ukiandika huku kitabu kiko wazi, sentensi ya mwenye kitabu inahamia kwenye kadi kimya kimya, na baada ya wiki tatu hujui tena ni ya nani. Unaiweka kwenye makala kwa roho safi kabisa, na roho yako safi hiyo hiyo inaitwa mbele ya kamati kwa wizi wa maandishi.

Wanafunzi walimuuliza pia mtu aache kusoma lini, kwa sababu vyanzo haviishi. Jibu lake lilikuwa kwamba waandishi wakishaanza kukuimbia wimbo mmoja, funga duka. Tandaza kadi mezani, zipange zinavyoitana, utaiona makala yako imejilaza pale. Darasa lake la Jumatano lilianza na watu wachache waliokuja kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Leo idara zote huwaleta wanafunzi wao, na ofisi ya taaluma imekiri kwamba kesi za kunakili zimepungua sana.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo yeye mwenyewe ameniruhusu kuliandika, baada ya mimi kumwomba mara kadhaa na yeye kunifukuza mara kadhaa.

Mama Swali alijiandikisha shahada ya uzamili hapa hapa chuoni, kwenye nafasi zinazotengwa kwa watumishi. Masomo aliyapita yote vizuri. Ilibaki makala ya utafiti, kuhusu kwa nini wanafunzi wengi wakishaingia maktaba mara ya kwanza hawarudi. Ilibaki, ikabaki. Aliomba kuongezewa muda, akaongezewa. Akaomba tena. Mwaka huu ofisi ya usajili ikamwandikia kwamba nafasi yake ni ya mtumishi, mtumishi anastaafu, kwa hiyo mwisho ni Ijumaa ya mwisho ya Mei na hakuna nyongeza nyingine.

Alikuwa anaitaka shahada ile, na haikuwa kwa ajili ya mshahara, kwa sababu mshahara ulikuwa unaisha. Aliniambia bila kuficha kwamba kinachomnyima usingizi ni kitu kingine. Kila alichowafundisha watu kwa miaka yote kilikuwa mdomoni mwake tu. Asipokiandika, siku atakayofunga mlango kitatoka naye, na dawati litarudi kuwa mahali pa kugawa vitabu vya maji.

Kwa nini basi hakuandika? Jamani, alikuwa anasoma! Mtu aliyewafundisha watu kufunga vitabu alishindwa kufunga vyake. Ugonjwa huu nadhani huwapata wakutubi peke yao, kwa sababu kila kitabu kipya na kila jarida jipya hupita mbele yao kabla ya kufika kwa mtu mwingine. Kila kilichogusa mada yake alikishika "kidogo tu". Rafu nzima nyuma ya kiti chake ilijaa vitabu vilivyoazimwa kwa jina lake. Kompyuta yetu hutuma barua za kuwakumbusha wanaochelewesha vitabu, na barua hizo hutoka zikiwa na jina la mkuu wa dawati la marejeo. Basi kila Jumatatu Mama Swali alipokea barua kali, kutoka kwa Mama Swali, ikimwonya Mama Swali. Alizisoma, akazikasirikia, na hakurudisha kitu. Nyumbani nako kadi zilitapakaa kwenye meza ya chakula, shemeji akawa anakula sahani ikiwa magotini. Tulimtania sana, naye alicheka nasi. Lakini Aprili ilipoingia alikuwa hacheki tena.

Aprili hiyo hiyo, katika darasa la Jumatano, alikuwepo mkunga mmoja, mtu mzima, aliyerudi masomoni baada ya miaka mingi ya kuzalisha. Alikuwa ameandika kila neno la somo. Mwishoni akanyoosha mkono, na kwa adabu kabisa, bila kumtega mtu, akauliza.

"Mama, makala yako uliyoiandika kwa njia hii tutaipata rafu gani?"

Mimi nilikuwa mlangoni na boksi la kadi. Ningeweza kuangusha lile boksi makusudi ili kumwokoa, na niliwaza hivyo. Mama Swali alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Haipo," akasema. "Bado sijaiandika."

Hakujitetea, wala hakumgeuzia maneno yule mkunga. Alimshukuru kwa swali na kumalizia darasa kama kawaida.

Kesho yake asubuhi alikuja karakana kabla sijavaa aproni, akataka nimsaidie kusukuma toroli. Tulivirudisha vitabu vyote, rafu nzima. Vingine vilikuwa vimekaa kwake muda mrefu hivi kwamba majirani zao rafuni walishasogea na kuziba nafasi. Karani wa dawati la kuazima alipoona orodha ya vitabu vilivyoazimwa na Mama Swali imekuwa tupu alisimama akapiga makofi, maktaba nzima ikamgeukia, na kwa mara ya kwanza Mama Swali hakumwambia mtu anyamaze.

Kisha akaomba meza yangu ya kukatia majalada, kwa sababu ndiyo kubwa kuliko zote jengoni. Alizitandaza kadi zake zote kama anavyowafundisha wengine. Nilidhani ataanza kuzipanga. Hakuzipanga. Alisimama akiziangalia, nami nikasogea kuona kuna nini. Upande wa kushoto, "Yeye kasema", kila kadi ilikuwa imejaa mwandiko wake mdogo, safi, na kurasa zote zimetajwa. Upande wa kulia ulikuwa mweupe. Kadi hadi kadi, mweupe.

"Nimewauliza watu wote," akasema, "ila mimi mwenyewe sijajijibu hata mara moja."

Nilimsogezea kiti na kalamu, nikaenda kuchemsha gundi.

Akaanza kuandika upande wa kulia. Na alikuwa na mengi! Aliandika kuhusu mwanafunzi mgeni anavyoingia, akaangalia dari, akaenda kwenye rafu, akachukua kitabu kinene kuliko vyote, akakifungua ukurasa wa kwanza na kusinzia kabla ya wa tatu. Aliandika kuhusu wanaozunguka dawati mara mbili tatu wakiogopa kuuliza, kwa kudhani swali lao ni la kijinga. Alichukua kumbukumbu za dawati lake, ambazo aliziweka kwa utaratibu tangu alipohamia pale, akazilinganisha na rejesta ya mlangoni. Ikaonekana wazi kwamba aliyeulizwa anatafuta nini siku ya kwanza hurudi, na waliobebeshwa rundo la vitabu wakaachwa, wengi wao hatuwaoni tena. Kadi ambazo hazikumsaidia kujibu swali lake alizitoa. Zilitoka nyingi hivi kwamba nilirudishiwa karatasi ngumu yangu nikajalidia vitabu vya watoto.

Ijumaa ya mwisho ya Mei ilifika makala ikiwa imechapwa yote. Alitakiwa kuileta karakana asubuhi niijalidi, aipeleke ofisi ya usajili kabla ya saa kumi. Alikuja, ndiyo, lakini alisimama mlangoni. Mkono mmoja ulishika makala yake, mwingine ulishika jarida lililofika kwa posta asubuhi ile, na ndani ya jarida, juu kabisa, kulikuwa na utafiti mpya kuhusu wanafunzi na maktaba. Mada yake ile ile. Nilimjua. Angesema anaangalia kidogo tu, na tungekuwa tumekwisha.

Aliketi kwenye stuli yangu. Akasoma jina, akasoma ikisiri. Akapita vichwa vya sehemu kwa kidole, akaenda kwenye hitimisho, akalisoma mara mbili. Halafu akauliza kwa sauti, akijiuliza mwenyewe, kama jambo hilo linabadilisha jibu lake. Akafikiri. Halibadilishi, akasema, wanaimba wimbo ule ule. Akalifunga jarida, akaliweka kwenye toroli la vitabu vya kurudishwa, akanikabidhi makala yake kwa mikono miwili.

Niliijalidi vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kujalidi, na hilo naliandika bila kuogopa penseli ya mtu. Saa tisa na nusu tulikuwa mbele ya dirisha la usajili, mimi nikiwa bado na gundi vidoleni. Watahini wa idara waliipitisha Julai kwa marekebisho madogo. Sherehe ilifanyika kwa chai kwenye chumba cha watumishi, na shemeji alihutubia kwa ufupi, akiwashukuru wote kwa kumrudishia meza yake.

Wiki mbili zilizopita, yule mkunga aliniletea makala yake mwenyewe niijalidi. Huwa sisomi ninachokikata, kazi isingeisha. Lakini wakati wa kusawazisha kingo za kurasa za mwisho macho yangu yaliangukia kwenye orodha ya marejeo, na kisu kikanisimama mkononi. Pale, katikati ya maprofesa wawili ambao Mama Swali amewatafutia watu vitabu vyao maisha yake yote, lilikuwa jina lake. Jina lake la ukoo kwanza, mwaka huu, kichwa cha makala, chuo chetu. Nilifunua ndani kutafuta mahali alipotajwa, nikakuta aya nzima inajengwa juu ya maneno yake, na mwisho wa aya jina lake na namba ya ukurasa.

Nilizipeleka kurasa zile dawatini kwake. Alisoma aya. Alisoma orodha. Nilisubiri atabasamu, au alie, chochote. Yeye akafungua droo, akatoa nakala ya makala yake, akaenda kwenye ukurasa uliotajwa, akafuata mstari kwa kidole hadi mwisho.

"Ukurasa ni sahihi," akasema.

Akanirudishia kurasa, akaomba nizijalidi kwa uangalifu, akamgeukia mwanafunzi aliyekuwa anasubiri kwenye foleni.

Kwa niaba ya mkuu wa maktaba, wakutubi na makarani wote, na karakana ya kujalidi ambayo sasa itabaki na vipande vyake vya karatasi, tunakushukuru, dada yetu. Umetufundisha kazi na umetuvumilia. Tunakuombea afya, tunamwombea shemeji meza tupu, na tunakutakia vitabu vingi vya starehe, vya kusoma ukiwa umejinyoosha kitandani, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, bila kalamu mkononi.